Nyoka wa Baba na Baridi ya Kwaraa

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: sikuwa mchawi, na mpaka leo si mchawi. Nilikuwa mke wa mtu, mama wa watoto wawili, mkazi wa Nangara, na nilifuga nyoka. Wapo watu wazima hapa Babati ambao hadi leo wakiniona sokoni wanahamia upande wa pili wa meza ya nyanya, kana kwamba nimewabeba nyoka kwenye kikapu. Wahame tu. Mimi nachagua nyanya zangu bila kusukumwa na mtu.

Nyoka wenyewe walikuwa wawili, dume na jike, wa rangi ya kahawia. Jike alikuwa mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, dume alikuwa mwembamba na mwenye haraka. Hawakuwa na sumu. Kazi yao ilikuwa kula panya na kulala, na hawakuwa na kazi nyingine. Nilimweleza hivyo kila aliyeniuliza, na kila aliyeniuliza alinijibu kwamba nyoka ni nyoka. Jibu hilo lilinichosha miaka ile kuliko hata foleni ya sukari.

Aliyeanza kuwafuga ni baba. Alikuwa mlinzi wa ghala la mahindi kule kwetu Bonga, na panya wa ghala lile walikuwa wakubwa na hawakuogopa mtu. Sumu ya panya ikija leo, kesho haipo. Paka waliibwa au waliondoka wenyewe. Basi siku moja wakulima waliokuwa wakivunja kichuguu walimletea jike yule akiwa mdogo, wakitaka kumtisha, naye akamchukua. Baadaye akapata na dume. Alipostaafu alirudi nao nyumbani ndani ya sanduku la mbao lenye kifuniko cha wavu, kama vile wastaafu wengine wanavyorudi na saa ya ukutani.

Kaka zangu wawili, mmoja mkubwa kwangu na mmoja mdogo, hawakuwahi kulisogelea sanduku lile. Mimi nilikaa nalo. Baba alinifundisha kumbeba nyoka kwa kumwekea mkono chini ya tumbo, nisimbane shingo. "Hata wewe ukibanwa shingo utang'ata," aliniambia. Nilimpenda sana baba yangu, na sehemu kubwa ya mapenzi hayo ilikuwa pale chini, kando ya sanduku, tukiongea mambo ya kawaida huku mnyama akitembea polepole kutoka mkono wake kuja wangu.

Kuanzia Juni, upepo ukianza kushuka kutoka mlima Kwaraa na ukungu kukaa mjini hadi watoto wamefika shule, baba alikuwa na utaratibu wake. Alitoboa debe matundu, akaweka ndani yake koroboi iliyowashwa utambi mdogo, na juu ya debe akaweka sanduku. Kila jioni, mpaka Agosti inakwisha. Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani anafukuza unyevu kwenye mbao.

Alifariki wakati vita vya Uganda vimekwisha na dukani hakuna kitu. Wenye umri wangu wanakumbuka: sabuni kwa kibali, sukari kwa kibali, unga wa njano ambao ukipika ugali watoto wanakuuliza kama wanaumwa. Sanda ya baba ilipatikana kwa kuzunguka. Tukamzika, na siku ya kumaliza msiba ukoo ukakaa nje ya nyumba kugawa alichoacha.

Baba mdogo ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kaka mkubwa akapewa ng'ombe na shamba la bondeni. Kaka mdogo akapewa shamba la juu, baiskeli na redio. Nyumba ni ya wote wawili. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake, karibu na masufuria, na nilipoona wazee wanaanza kushika fimbo zao ili wainuke, nikasimama.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe umeolewa, mwanangu," baba mdogo akasema. "Mali yako iko kwa mumeo."

"Mume wangu si mtoto wa marehemu. Mtoto ni mimi."

Kaka mdogo, ambaye tayari alikuwa ameishika redio mapajani, akasema kwa sauti, "Si apewe wale nyoka? Yeye ndiye alikuwa anawabembeleza." Watu walicheka. Msibani, watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na pombe. Baba mdogo akapunga mkono ili yaishe, akasema haya, nyoka ni wa dada yenu, tumemaliza.

Ningeweza kulia, na nadhani walikuwa wanasubiri nilie, maana mwanamke akilia kwenye kikao mambo yanakuwa rahisi. Sikulia. Nikaingia ndani, nikajitwisha sanduku na nyoka wake, nikashukuru wazee, nikashika barabara ya Dodoma kurudi mjini. Njia nzima watu walinipisha. Hata lori moja lilisimama, utingo akaruka chini kuuliza nimebeba kuku wa aina gani, akachungulia kwenye wavu, akarudi juu haraka kuliko alivyoshuka.

Tangu siku ile nilijua wanachokisubiri. Walisubiri nyoka wafe, ili waseme mwanamke alipewa mali akashindwa kuitunza, ndiyo maana wanawake hatuwapi. Nilikuwa nimepewa kichekesho, na niliamua kichekesho kile kitaishi. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu Juni ile baridi ilipoingia, na sikuwa na jingine.

Mume wangu alikuwa kibarua wa barabara, anaondoka na wenzake wiki nyingi, wakifukia mashimo ambayo mvua ingeyafukua tena. Alikuwa anaogopa nyoka na hakuficha. Nilipomwonyesha sanduku alisimama mlangoni akasema, "Mama watoto, mimi nitalala upande wa dirisha." Hayo tu. Mpaka leo nikikumbuka wanaume wa aina nyingine ambao ningeweza kuolewa nao, namshukuru Mungu.

Nilianza kwa utaratibu wa baba: debe, koroboi, sanduku juu. Mafuta ya taa wakati huo yalikuja kwa bahati, na yakija yaligawiwa kwa kaya, chupa moja moja, chini ya macho ya balozi wetu wa nyumba kumi. Watoto wangu niliwalaza giza linapoingia ili mafuta yabaki ya nyoka. Ndiyo, nilifanya hivyo, na watoto walikua vizuri. Hakuna mtoto aliyewahi kudumaa kwa kulala mapema.

Lakini jirani akaona mwanga unatoka chini ya mlango wakati nyumba nyingine zote ni giza, akaenda kusema. Jioni iliyofuata balozi akaja. Alikuwa mzee mnene, mwenye koti la kijani lililokosa vifungo, na alikuwa na kawaida ya kupiga hodi akiwa amekwisha kuingia.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Mama, tumepata taarifa kwamba unawachomea nyoka mafuta ya taa."

"Kidogo tu, mzee. Utambi ni mdogo."

"Wananchi wanapikia kuni na kusomea kuni, halafu nyoka wako wanaota taa. Unajua huko kunaitwa nini? Kuhujumu uchumi."

"Mzee, uchumi umefika mahali unaangushwa na koroboi moja?"

Hakupenda. Alilisogelea sanduku, jike akainua kichwa kumtazama, naye balozi akarudi hatua moja akajifanya anatafuta mahali pa kukaa. Akaniambia ana maneno mawili tu. Ama niwaue nyoka wale mbele ya mashahidi, ama nyumba yangu isipate mafuta. Alisema kwa upole, kwa sababu alikuwa na uhakika. Mwanamke mwenye watoto wadogo, mume yuko barabarani, nyumba giza, atafanya nini?

"Basi mafuta kaa nayo, mzee," nikamwambia. "Asante kwa kututembelea."

Alipotoka niliinua chupa nikaitazama. Ushujaa wangu ulikuwa mdomoni, kwenye chupa mafuta yalikuwa yamebaki ya kufunika kitako tu.

Yalipokwisha, nikafanya kosa ambalo kila mama wa nchi ya baridi angelifanya. Nilikuwa na blanketi moja zuri, la kijivu, zito, ambalo mume wangu alilipata kazini. Mtoto akipata baridi unafanya nini? Unamfunika. Nikawafunika nyoka. Nikalizungushia sanduku lote blanketi, nikalifunga kwa kamba, nikaacha nafasi ya pumzi, na sisi wenyewe tukajikunyata chini ya khanga na magunia. Nililala nikijisifu.

Asubuhi nilipofungua, nilitia mkono nikagusa kitu cha baridi kuliko sakafu. Jike alikuwa amejikunja, mgumu, na karibu naye palikuwa na panya niliyempa siku zilizotangulia, ametapikwa mzimamzima, ananuka vibaya. Nyoka akikosa joto chakula hakisagiki tumboni, kinaoza, na asipokitapika kinamuua. Dume alikuwa bado anatoa ulimi, polepole sana. Nilipiga kelele ambayo nadhani balozi aliisikia na kufurahi.

Niliwabeba wote wawili kifuani, ndani ya sweta, nikakimbia nje kusubiri jua. Jua la Julai hapa kwetu linakuja likiwa limechelewa na halina haraka. Nilisimama ukutani kwenye ukungu kama mwizi aliyekamatwa, nyoka wawili wa baridi juu ya tumbo langu, na ndipo akili ikanijia. Tumbo langu lilikuwa la moto, wao walikuwa wa baridi, na kidogo kidogo wakaanza kuwa wa moto kwa sababu yangu. Blanketi halitengenezi joto. Linamtunzia mwenye joto joto lake. Nyoka hana la kwake, kwa hiyo mimi nilikuwa nimewafunga usiku kucha pamoja na baridi yao, nikaifunika vizuri isitoroke. Baba alijua hilo. Ndiyo kazi ya koroboi, na mimi nikadhani anakausha mbao.

Jua lilipofika ukutani jike akasogeza mkia. Nililia wakati huo, nakiri, lakini hapakuwa na mtu wa ukoo wa kunitazama.

Nikajaribu maji ya moto kwenye chupa za bia, nikizifunga kwa vitambaa na kuzilaza sandukuni. Zilisaidia kwa saa chache tu, halafu zikawa baridi nazo, na inabidi kuamka, kuwasha kuni, kuchemsha tena. Chupa moja ikapasuka, ikanikata kidole. Kuni zenyewe zilikuwa za kufuatwa mbali. Nilianza kusinzia mchana hata nikiwa kwenye foleni, na mara moja nilipitwa na zamu yangu ya sabuni nikiwa nimesimama wima. Nikafikiria jiko la mkaa, nikakumbuka familia iliyojifungia na jiko la mkaa na haikuamka, nikaliacha.

Katikati ya hayo kaka yangu mdogo akapita na baiskeli ya baba. Alikuwa akielekea mjini, akasimama kwa kuweka mguu mmoja chini, bila kushuka.

"Dada, bado wapo?"

"Wapo."

"Julai bado haijaisha," akasema, na akacheka. "Baridi itakumalizia kazi. Huko nyumbani wanasema Agosti utakuja kuomba kuku badala ya nyoka."

"Waambie kuku wao wawale wenyewe."

Akaenda zake akipiga kengele. Nilimtazama mpaka alipopotea, na kwa mara ya kwanza niliogopa kwa kweli kwamba atakuwa amesema kweli. Jike alikuwa hajala tangu alipotapika. Alikuwa amekonda hadi ngozi inafanya mikunjo ubavuni.

Siku mbili tatu baadaye nilimpelekea mama mkwe wangu chumvi. Alikuwa mjane, akikaa Nakwa peke yake na ng'ombe wake, katika nyumba aliyoijenga kwa namna ya kwao Mbulu juu: fupi, kuta nene za udongo, mlango wa kuinamia, na ng'ombe wanalala ndani ya nyumba hiyo hiyo upande mmoja. Juu yao kuna dari ya miti iliyokandikwa, ambapo anaweka mahindi. Watu wa mjini walianza kumcheka kwa kulala na mifugo. Yeye alisema ng'ombe wa kulala nje ni ng'ombe wa wezi na wa fisi.

Nilifika mapema, ng'ombe hawajatolewa. Niliinama mlangoni, na joto likanipiga usoni. Nilikuwa nimeingia nyumba ile mara nyingi sana na siku zote nilichokigundua ni harufu. Asubuhi ile nilisimama katikati nikiwa na chumvi mkononi, nikageuza uso juu kama mtu anayetafuta mvua. Nikapanda ngazi hadi darini bila kuomba ruhusa, nikaweka kiganja kwenye udongo wa dari. Ulikuwa wa moto wa kiasi, sawasawa na sanduku la baba lilivyokuwa likikaa juu ya debe. Usiku kucha ng'ombe wale walikuwa wanapumua na kutoa joto bure, bila kibali wala foleni, na hawakuwa chini ya balozi yeyote.

"Unatafuta nini huko juu?" mama mkwe akauliza kutoka chini.

Nikashuka, nikamwambia. Yeye alikuwa Mkatoliki wa kweli, rozari shingoni, na alinisikiliza mpaka mwisho huku macho yakizidi kuwa madogo.

"Nyoka ndiye aliyemdanganya Eva," akasema.

"Mama, wangu hawasemi."

"Usinitanie."

"Sikutanii, mama. Wanakufa. Nimeshindwa kuwatia joto."

"Si wafe? Ni nyoka."

Hapo nilichoka. Nikamweleza yale ambayo sikuwahi kumweleza kwa urefu, kwa sababu aibu ya kwenu huipeleki ukweni: kikao, redio, kicheko, baba mdogo kupunga mkono. Nilidhani atanipa pole na kunirudisha kwangu. Alikuwa akifungua na kufunga kifurushi cha chumvi.

"Walikupa nyoka," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Na ng'ombe wa baba yako?"

"Wamechukua wao."

"Mimi walinipa jembe," akasema. "Baba yangu alikuwa na ng'ombe wa kuziba bonde. Wakanipa jembe, na halikuwa na mpini." Akainuka, akaenda kuwafungulia ng'ombe, na akiwa amenigeuzia mgongo akaniambia niwalete, niwaweke pembeni kabisa, asiwaone, na wakitoka sandukuni mimi ndiye nitakayehamia kulala na ng'ombe.

Niliwahamisha siku hiyo hiyo. Nilitandaza majani makavu darini, juu ya mahali ambapo ng'ombe mkubwa alilala, nikaweka sanduku, na ndani yake nikatia majani mengine. Mama mkwe alipanda na kikopo cha maji ya baraka, akalinyunyizia pande zote, na mengine yakawapata wenyewe. Nikamwambia sasa ni Wakristo. Akanipiga kofi la bega, lakini alikuwa anacheka.

Kila jioni nilitoka Nangara kwenda Nakwa kuwatazama, watoto wakinifuata nyuma. Siku za kwanza jike alikaa tu, ila ukimgusa alikuwa na joto la ng'ombe mwilini. Halafu jioni moja nilikuta uvimbe tumboni mwake. Amekula. Sikuwa nimemlisha mimi. Nikashuka nikamwuliza mama mkwe, naye akajifanya ana shughuli nyingi na maziwa.

"Kulikuwa na panya kwenye mtego," akasema. "Nimtupe wapi?"

Baadaye aliniambia niache upenyo mwembamba kwenye kifuniko ili dume atoke, kwa sababu panya walikuwa wanamlia mahindi darini na yeye haoni faida ya askari anayelala ndani ya sanduku. Nilimkumbusha sharti lake kuhusu nani atalala na ng'ombe. Akasema sharti ni lake na yeye ndiye anayejua lini linaanza. Basi dume akawa anatembea darini kwenye joto, akizunguka magunia, na asubuhi anarudi sandukuni mwenyewe, maana huko chini ya majani ndiko kulikokuwa na joto zaidi.

Mwaka ule panya waliwalia watu mahindi Babati nzima. Hakukuwa na sumu wala mitego, na magunia ukiyainua yalimwaga pumba. Kwa mama mkwe wangu gunia lilikuwa gunia. Wanawake wa Nakwa walianza kuja kuazima moto na kuchungulia juu, na siri ya namna hiyo haikai. Ikashuka hadi mjini, na kutoka mjini ikafuata barabara hadi Bonga.

Agosti ilikuwa imeingia na ukungu bado mzito pale wanaume watatu walipoinama mlangoni kwa mama mkwe: baba mdogo, kaka mkubwa na kaka mdogo, wamevaa makoti, wamejifunga mashuka juu ya makoti. Mimi nilikuwa chini ninakamua. Mama mkwe alikuwa darini akichambua mahindi. Niliwaamkia kwa heshima zote, maana adabu sikuwahi kuiacha, wakampa shikamoo mama mkwe kule juu, akaitikia marahaba bila kushuka. Waliacha mlango wazi nyuma yao, na upepo ukaingia nao.

Baba mdogo alizunguka kidogo kwa habari za afya na mifugo. Kisha akafika.

"Mwanangu, tumekaa tukafikiri. Wale nyoka ni mali ya marehemu. Mali ya marehemu ni ya ukoo. Tulikukabidhi tu uwatunze."

"Umewatunza vizuri," kaka mkubwa akaongeza. "Tunashukuru."

"Panya wametumaliza," kaka mdogo akasema, na baba mdogo akamkata jicho, kwa sababu hilo halikuwa sehemu ya hotuba.

Nimewahi kukasirika maishani, lakini siku ile hasira ilikuja imetulia, kama maziwa niliyokuwa nimeshika. Walikuwa wamenicheka nilipopewa. Walikuwa wamesubiri wafe. Sasa wako hai, wana manufaa, basi wamekuwa wa ukoo. Niliweka kibuyu chini, nikapanda ngazi, nikalishusha sanduku, nikaliweka sakafuni katikati yao. Nikatoa kifuniko chote.

"Chukueni," nikasema.

Hakuna aliyesogea. Dume alikuwa amelala chini ya majani. Jike akainuka polepole, akaweka kidevu kwenye ukingo wa mbao, akatoa ulimi kuelekea upande wa baba mdogo. Alikuwa amenenepa, anang'aa, na nilimwona mzuri kuliko kitu chochote kilichokuwa ndani ya nyumba ile.

"Mchukue," baba mdogo akamwambia kaka mkubwa.

"Mchukue wewe," kaka mkubwa akamwambia mdogo.

"Mimi nimekuja na baiskeli," kaka mdogo akasema. "Nitamshikaje na usukani?"

"Basi tubebee wewe, mwanangu," baba mdogo akaniambia, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Wewe wanakujua."

"Wananijua mimi kwa sababu ni wangu. Kama ni wa ukoo, ukoo una mikono sita hapa. Tieni mmoja."

Kaka mkubwa alinyoosha mkono, nakumbuka, akaufikisha juu ya magoti yake, na jike alipogeuza kichwa akaurudisha ndani ya shuka. Sikucheka. Nilitaka kucheka sana, lakini nilitaka zaidi wanione nikiwa sicheki. Nikainama, nikampitishia jike mkono chini ya tumbo, akanipanda hadi begani akakaa shingoni kwangu, penye joto, nami nikawatazama mmoja mmoja machoni mpaka wote watatu wakawa wanatazama ng'ombe.

"Basi," baba mdogo akasema. "Basi, ni wako."

"Najua," nikamjibu.

Mama mkwe alikuwa amesogea ukingoni mwa dari, mahindi mkononi. Sasa akasema.

"Kama hamchukui, tokeni mfunge mlango. Hamwoni mnawapigisha baridi?"

Walitoka wameinama, mmoja nyuma ya mwingine. Aliyekuwa wa mwisho ni kaka mkubwa. Aliuvuta mlango kutoka nje, akauona umeacha upenyo chini, akausukuma tena kwa mguu, taratibu, mpaka ukakaa sawa na upepo ukakoma.